Mama Mkwe na Mayai ya Kwale

Binti yangu alibandika tangazo kabla hata yai moja halijapasuka. "Jumamosi asubuhi, njooni mwone vifaranga wa kwale." Lilikuwa kwenye lango la hifadhi, kwenye duka la dawa na kwenye simu ya kila jirani.

Hifadhi yenyewe ni kipande cha msitu kilichobanwa kati ya gereji na kiwanda cha magodoro. Mbwa wa mitaani walikuwa wamewamaliza kwale wote humo. Ulipojengwa ukuta, jike mmoja akarudi, akataga, kisha gari likamgonga barabarani. Yakabaki mayai.

"Mwanangu," nilimwambia, "usikate mbeleko na mtoto hajazaliwa."

"Mama, mashine ya kutotolea haikosei."

Mashine haikukosea. Umeme ndio ulikatika, Jumatano mchana, na jenereta ikakohoa kidogo ikanyamaza.

Akanipigia analia. Daktari wa wanyama, ambaye ndiye mkuu wa hifadhi, alikuwa amemwambia wazi: bado yuko kwenye majaribio ya kazi, na watu wakija kuangalia banda tupu, atatafutwa mwingine wa kushika habari na matukio.

"Futa machozi. Mayai yako wapi?"

"Nimeyafunga tumboni kwa mtandio."

"Basi mbeleko imepata kazi. Kaa hapo hapo, nakuja."

Nyumbani kwangu, nyuma ya ndoo za kufulia, kulikuwa na kuku anayeatamia. Tunamwita Mama Mkwe kwa sababu hakuna kinachompendeza. Wiki nzima alikuwa ameng'ang'ania beseni lenye mayai yasiyo na jogoo, na kila nikimtoa ananidonoa. Nikamfunika taulo, nikambeba na beseni lake.

Kule hifadhini, daktari akampekua mbawa kutafuta utitiri. Akadonolewa kidole.

"Afya anayo," akasema. "Adabu ndiyo hana. Lakini mama, kuku akihamishwa huwa anasusa."

"Daktari, umewahi kuona mama mkwe akisusa nyumba ya watu?"

Tukaziba dirisha la stoo kwa gunia, giza likaingia. Binti yangu akafungua mtandio. Nikawa natoa yai la kuku, naingiza la kwale, moja baada ya jingine, mikono ikiniuma kwa mdomo wa yule bibi. Mwisho akanung'unika, akajitanua, akatulia.

Jumamosi uwanja ulijaa. Watoto walikuwa mabegani mwa baba zao, mafundi wa gereji wamekuja na ovaroli zao. Kule stoo, kifaranga mmoja alikuwa ametoka. Mayai mengine ndiyo kwanza yameanza kutoboka.

Daktari akachungulia. "Watu wamefika. Mtoeni kuku na huyo mmoja, wapige picha, tumrudishe."

Nilifungua mdomo. Binti yangu akaniwahi.

"Hapana, daktari. Akinyanyuka sasa, hao wengine watapoa."

"Na tangazo lako?"

"Ni langu. Nitalibeba mwenyewe."

Akatoka, akashika kipaza sauti. "Jamani, nilitangaza mapema mno. Vifaranga bado wanatoka. Mwenye haraka aende kwa amani. Mwenye kusubiri akae chini, na akae kimya."

Nikangoja miguno. Fundi mmoja, mpana kama mlango, akaketi kwenye nyasi na kumpakata mwanawe. Waliokuwa nyuma yake wakaketi pia. Baadaye hata nyundo za gereji zilinyamaza. Sijui nani alikwenda kuwaambia.

Jua lilikuwa limeanza kushuka, na vifaranga wamekauka, nilipofungua mlango wa stoo. Mama Mkwe akatoka kifua mbele, akiwaita wanawe. Nyuma yake wakaja vifaranga wa kwale, wadogo kama ndimu, wana mistari mgongoni. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walijiziba midomo kwa viganja, mpaka kuku na msafara wake walipozama kwenye nyasi ndefu. Hapo ndipo uwanja ulipolipuka, na yule fundi akawa analia waziwazi bila kujificha.

Daktari akafuta miwani. "Mkataba wako nausaini leo. Andika habari sasa hivi, watu waisome: wote wametoka salama."

Binti yangu alikuwa ameshatoa simu. Akatazama mlangoni. Kifaranga mmoja alikuwa amebaki kizingitini, anasita.

"Subiri, daktari," akasema, akarudisha simu mfukoni.

Kifaranga akaruka, akaanguka, akainuka, akakimbia kuwafuata wenzake.

"Sasa," nikamwambia mwanangu, "kata mbeleko."