Fimbo ya Nyuma ya Mlango

Mimi nina mdomo. Muulize yeyote hapa Mtanda atakwambia, Rosalia hajui kunyamaza. Mwenyekiti wa mtaa nilimwambia mbele ya watu kwamba kikao chake hakina kichwa wala miguu. Paroko nilimwambia mahubiri yake ni marefu, watoto wanasinzia na wazee wanasinzia. Alicheka, lakini Jumapili iliyofuata alipunguza. Sasa nieleweni basi ilikuwaje mdomo wote huo ukafungwa na kifimbo kimoja kifupi cha gofu, tena kwa miezi mitatu mizima.

Nabangua korosho. Nimeanza mwaka niliomzaa kifungua mimba wangu, na huyo sasa ana wawili wake. Mafuta ya maganda yanababua vidole mpaka alama za gumba zinafutika. Nilipokwenda kuandikishwa kitambulisho mashine ilinikataa mara nne. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nilikuwa naitaka ile kazi ya hoteli, namwonyesha mikono tu.

Gofu nilifundishwa na Mzee Huseni, Mungu amrehemu. Nje ya mji kuna shamba la mkonge la zamani. Wenyewe waliondoka zamani, mitambo ikauzwa chuma chakavu, kikabaki kiwanja chao cha mashimo tisa, na Mzee Huseni aliyekuwa akikitunza naye akabaki nacho kama mtu aliyeachiwa mtoto. Nyasi zililiwa na mbuzi, lakini yeye akawa anatunza yale maduara ya mchanga yanayozunguka kila shimo. Mchanga anauchanganya na oili chafu ili upepo usiuchukue, na kabla hujapiga mpira wa mwisho unaburuta gunia kulainisha njia. Siku moja nilikuwa msichana napita na kuni, nikapiga kifuu kwa mpini wa jembe, kikaenda mbali. Akaniita. Basi nikawa mwanafunzi wake miaka yote hiyo, mimi na Eusebio, kijana wa jirani na shamba ambaye sasa naye ana mvi.

Mzee alifariki mwezi wa pili mwaka huu. Nililia mpaka Waislamu wenyewe wakanionea huruma.

Siku ya arobaini, baada ya hitima na pilau, mjane wake, Bi Zakia, akaanza kugawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi. Kanzu kwa wapwa. Baiskeli kwa mdogo wake. Redio kwa jirani aliyemuuguza. Halafu akaingia ndani, akatoka na kitu kirefu kimefungwa khanga, akaja moja kwa moja mpaka kwenye mkeka nilipokaa. Akasema mbele ya watu wote, "Marehemu alikuona kama mwanawe wa kumzaa. Hii yako." Watu wakaitikia amina. Nikapokea kwa mikono miwili, nikafungua khanga, na moyo ukanishuka.

Ile fimbo nilikuwa naijua. Ilikuwa fimbo ya kusukumia, ile ya kumalizia mpira shimoni, na aliiacha mgeni mmoja kutoka Dar miaka mingi nyuma. Fupi, na kichwa chake kizito kama jiwe la kusagia. Mzee Huseni alikuwa mrefu, na mimi vilevile ni mrefu. Aliijaribu jioni moja tu, akacheka, akaondoka nayo nyumbani, na tangu hapo hatukuiona tena kiwanjani. Aliyokuwa akichezea maisha yake yote ni nyingine, ndefu na nyepesi, ya shamba, inayokaa kwenye banda la kiwanjani pamoja na magunia. Na hiyo ndiyo niliyojifunzia.

Bi Zakia hakuwahi kukanyaga kiwanjani. Nikasema moyoni, maskini, amekuta fimbo nyuma ya mlango wake akajua ndiyo hiyo. Sasa nimwambie nini? Nimwambie mama, umenipa takataka, kipenzi cha mumeo kilikuwa kikilala bandani na oili chafu? Na kwetu kitu cha marehemu ukishapewa siku ya arobaini hukirudishi, huuzi, humpi mtu. Nikanyamaza. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Mwezi uliofuata ndipo akaja Happiness, meneja wa hoteli mpya iliyojengwa huku pwani ya kaskazini. Walikuwa wameotesha kiwanja kidogo cha nyasi, mashimo tisa, na wanataka mwalimu wa gofu mwenyeji wa hapa. Mshahara wa kila mwezi, bima, na fulana yenye jina lako kifuani. Aliuliza mjini nani anajua kucheza, akapewa majina mawili tu, langu na la Eusebio. Akasema haki itendeke, mtacheza mashimo yote tisa siku moja mwezi wa saba, atakayemaliza kwa mikwaju michache ndiye mwalimu.

Nikakimbia kumweleza Bi Zakia. Alikuwa bado yumo edani, hatoki, amekaa kwenye mkeka na tasbihi. Nilipomwambia, akatabasamu, na tangu msiba nilikuwa sijaona meno yake. Akasema eda yake itaisha kabla ya siku hiyo, na matembezi yake ya kwanza yatakuwa kuja kuniangalia. Basi hapo ndipo nilipofungwa kamba. Kama mjane anatoka ndani kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi, halafu anakuta fimbo ya mumewe nimeiacha nyumbani nimeshika ya bandani, nitamtazama vipi?

Hoteli walitufungulia kiwanja wiki moja kabla ya siku hiyo ili tujizoeze. Jamani, zile nyasi! Kuzunguka shimo zimenyolewa kama kichwa cha mtoto anayetolewa nje. Kwenye mchanga wetu mpira unaupiga. Kule mpira unausindikiza tu, ukiupa nguvu kidogo unakimbia kama umemwagwa kwenye marumaru. Kichwa kizito ni balaa mahali hapo. Na urefu nao ni kitu. Mzee Huseni alitufundisha hivi: simama wima kidogo, acha mikono ining'inie yenyewe, inapofikia ndipo mpini unapotakiwa uwe, na macho yawe juu ya mpira, yasiupite. Mimi na kile kifupi nilikuwa nimeinama kama napalilia karanga, macho yameupita mpira, na mpira unakwenda kushoto kila mara. Nilipiga mipira kumi, ikaingia mitatu. Nikaazima ndefu ya bandani, ambayo Eusebio alikuwa ameichukua kwa sababu hakuna mwingine wa kuichukua. Nikapiga kumi, ikaingia minane.

Eusebio alikuwa ananitazama. Yeye ni mfupi. Akachukua kile kifupi changu, akasimama nacho, kikamkaa sawasawa, akapiga mingine kumi. Saba.

Akasema, "Dada Rosa, tubadilishane. Kila mtu acheze na inayomfaa, atakayeshinda ashinde kwa haki."

Ninyi mngejibu nini? Mimi nilimfokea. Nilimuuliza tangu lini amekuwa mrithi wa Mzee Huseni, kama anataka vya marehemu angekuja mapema siku ya arobaini, asingekaa nyuma na walaji wa pilau. Maneno mabaya kabisa. Alinipa kifupi changu, akachukua ndefu yake, akaishika chini ya mpini kusudi imfae, maana ndefu unaweza kuishika chini, lakini fupi huiongezi. Akaendelea kujizoeza peke yake upande wa pili. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani.

Usiku wa kuamkia siku ile nilizitoa fimbo zangu zote nikazipanga kitandani. Nilisali rozari. Nilimwambia Mzee Huseni, kama unasikia, mtokee mkeo ndotoni umwambie. Mimi siwezi.

Siku ikafika. Bi Zakia alikuja na buibui jipya, Happiness akampa kiti na mwavuli karibu na shimo la kwanza. Nikamwendea, shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Alikuwa amepungua, amekunja uso kwa jua ambalo hakulizoea tena. Nilipovuta kile kifupi mkobani akakiona, akaweka kiganja mdomoni, na machozi yakamtoka. Nikajisemea, umeona? Umefanya la maana. Hata ukishindwa.

Lakini sikutaka kushindwa. Naomba hilo lieleweke.

Mipira ya mbali mimi na Eusebio tunapishana sana. Mimi napiga mbele, yeye anapiga pembeni. Kila shimo nilifika karibu kabla yake, na kila nilipofika karibu ndipo niliposhika kichwa. Nainama, napalilia karanga zangu, mpira unapita kushoto. Nageuka, narudia, unapita kulia. Eusebio anakuja nyuma taratibu na ile ndefu, anaishika chini, anaweka mpira shimoni, anaangalia miguu yake kama anaona haya. Bi Zakia alikuwa akihamisha kiti chake shimo kwa shimo, anafuata, na kila nikikosa nasikia "Ya Rabbi" ya chini chini. Ningekuwa peke yangu ningekitupa kile kifimbo baharini. Mkobani mwa Eusebio sikuweza kutia mkono. Mdomo wangu, ule ule wa Mtanda nzima, ulikuwa mkavu.

Tulifika shimo la tisa tukiwa sawa. Eusebio alimaliza kwa mikwaju mitano. Mimi nilikuwa nimepiga mitatu na mpira wangu uko hatua nne tu kutoka shimoni. Hesabu ilikuwa rahisi. Ukiingia kwa mmoja, kazi ni yangu. Kwa miwili, tunalingana na tutarudia. Hatua nne. Kwenye mchanga wetu, na fimbo ndefu, hata na mjukuu mgongoni ningeingiza.

Nikajiambia polepole, Rosa, polepole. Lakini kile kichwa kizito hakijui polepole. Kiliugusa mpira, ukaenda, ukalipita shimo, ukasimama hatua mbili upande wa pili. Nikasikia mtu anavuta pumzi. Nikazunguka. Sasa nilikuwa naogopa, na mtu mwoga hushika fimbo kama anashika nyoka. Nikaugusa kidogo tu. Ukaenda vizuri, safari hii umenyooka, haukwenda kushoto wala kulia. Ukasimama mdomoni mwa shimo. Nusu yake ilikuwa inachungulia ndani. Tulisubiri wote. Upepo ulikuwapo, lakini haukuusukuma.

Nikausukumia ndani kwa mkwaju wa sita. Happiness akaandika kwenye karatasi yake, akampa Eusebio mkono. Akanipa na mimi pole, akasema nina mapigo mazuri sana ya mbali, na kwamba ningetafuta fimbo ya kusukumia inayonifaa. Alisema kwa wema kabisa. Ningeweza kumng'ata.

Nikaenda kukaa kwenye nyasi miguuni pa Bi Zakia, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Akaniwekea mkono kichwani. Tukakaa. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza kitu cha aibu, "Rosalia mwanangu, kwa nini umechezea hii?"

Nikamwambia, mama, si ya marehemu? Si ulinipa wewe?

"Nilikupa uwe nayo ndani. Ukumbusho. Huseni hakuichezea hata siku moja, alisema haifai hata kumfukuzia paka. Ile yake nzuri ilikuwa ya shamba, mali ya watu, ningekupaje? Nikakupa hii kwa sababu ndiyo iliyokuwa yetu."

Sikuweza kuinua uso. Nilimuuliza basi mbona hakusema, mbona tangu asubuhi, tangu shimo la kwanza, ananiona naumbuka na hakusema neno moja.

Akasema alipoiona inatoka mkobani alishangaa mpaka machozi yakamtoka. Akafikiri mimi nimempenda mzee kuliko kazi, na nani yeye wa kumwambia mtu apunguze mapenzi kwa mumewe. Aliona haya. Akafikiri pia labda mimi mchezaji najua siri ya hiyo fimbo, kwa kuwa yeye gofu haijui.

Eusebio akaja pale. Hakuwa na furaha ya mshindi. Aliilaza ile fimbo ndefu kwenye nyasi mbele yangu, akaweka na mpira, akaondoka zake. Shimo lilikuwa pale pale, hatua nne. Bi Zakia akaniambia jaribu basi, hata mara moja, nione alivyokuwa anafanya Huseni.

Nilimwambia mgongo unaniuma. Ningeupiga ukaingia, ningefanyaje?

Jumatatu nilirudi kwenye korosho.