Kuku Asiyeweza Kukimbia

Pikipiki iliyomvunja Elodie mguu haikuwa hata na mwendo. Ilikuwa imezama kwenye tope la mteremko wa Rubaya, dereva akajaribu kuichomoa, ikalala upande, na mguu wa Elodie ukabaki chini yake. Alisikia mlio mkavu. Hakulia. Kitu cha kwanza kumjia akilini kilikuwa Ndola.

Huko Ndola, nchini Zambia, shule moja ya sekondari ilikuwa inamsubiri aanze kufundisha Kifaransa mwezi wa Januari. Pasipoti alikuwa nayo, na mume wake Déo alikuwa amekubali kubaki nyumbani Muheto na mtoto wao Jérémie. Kwa miaka mingi Elodie alifundisha shule ambayo wazazi ndio waliomlipa mwalimu, na wazazi hao walihama kila mapigano yaliposogea. Kazi ya Ndola hakuwa tayari kuikosa kwa sababu ya tope.

Hospitali ilikuwa imejaa watu wenye majeraha ya risasi. Muuguzi aliupapasa mguu, akasema mfupa wa muundi umevunjika ila haukutoboa ngozi, akampa vidonge vya maumivu, akamwambia asubiri zamu yake. Mama yake, Mama Libérata, hakuwa mtu wa kusubiri zamu. Alitafuta wanaume wa kumbeba hadi nyumbani, na kabla jua halijazama alikuwa amemleta Papa Hakorimana, muunga mifupa.

Papa Hakorimana alifanya kazi kama baba yake alivyoifanya. Aliunyoosha mguu wa Elodie, akaufunga kwa vijiti vya mianzi na kamba za mgomba, kisha akaomba kuku. Akaletewa mmoja mwenye shingo ya kijivu. Alimvunja mguu uleule, wa kulia, mahali palepale, akamfunga vijiti vidogo mfano wa vile vya mgonjwa. Masharti yake yalikuwa mafupi. Kuku asichinjwe. Siku atakapokanyaga bila kuchechemea, mgonjwa naye atafunguliwa. Na mgonjwa akipona, kuku anakwenda kwa muunga mifupa, ndiyo asante yake.

Elodie alikuwa na diploma ya ualimu, na mwaka mmoja alifundisha hata biolojia, baada ya mwenye somo kukimbilia Goma. Alimhurumia kuku na akaona jambo lote ni la kijinga. Hata hivyo, kila asubuhi alijikokota hadi kwenye kiti cha mlangoni aone kuku ameamkaje. Mkuu wa shule ya Ndola alipopiga simu, alimwambia kila kitu kiko sawa.

Wiki zikapita hivyo. Jumamosi moja, Mama Libérata akiwa shambani, akaja pasta kutoka Kashuga. Mgeni wa namna ile hawezi kuagwa kwa maharage. Déo alimkimbiza jogoo mpaka kwenye mihogo, akamkosa. Akawakimbiza majike wawili weusi, wakapanda juu ya paa. Pasta alikuwa ameshamaliza maombi na anatazama jikoni. Uani alibaki kuku mmoja tu, amekaa kando ya ukuta na vijiti vyake. Déo alimtazama kidogo, akamchinja.

Mguu uliopinda haukufaa kuwekwa mbele ya pasta. Déo aliuweka kwenye sahani ya mke wake na kumwaga mchuzi mwingi juu.

Elodie aliula kwa njaa mpaka meno yakagota kwenye uvimbe. Katikati ya mfupa palikuwa na kifundo laini kama gegedu, na alipoubana kwa vidole, mfupa ulicheza huku na huku. Akachungulia uani. Kando ya ukuta palikuwa na manyoya ya kijivu. Akamaliza nyama, akaufuta mfupa, akaufunga kwenye leso. Pasta alipowashukuru kwa chakula, naye alishukuru.

Jumatatu kulikuwa na kuku mwingine uani, mwenye shingo ya kijivu na vijiti mguuni. Déo alikuwa amezunguka vilima kumpata, akamfunga vijiti mwenyewe. Ila kuku huyo hakuwa amevunjika popote. Jioni alikuwa ameshavitupa vijiti na anaparua takataka kwa miguu yote miwili. Mama Libérata alipiga vigelegele hadi majirani wakaja, na Papa Hakorimana akaitwa.

Elodie aliiacha leso yake imefungwa. Akifunguliwa sasa, angepata muda wa kuzoea mkongojo na kuondoka Januari kama alivyoahidi. Uongo haukuwa wake. Yeye alikuwa amekula tu alichopewa.

Papa Hakorimana alimtazama kuku akikimbia, akasema huyu amemshinda mgonjwa wake kupona. Majirani wakacheka. Déo alisimama nyuma yao, macho chini. Mzee akachomoa kisu na kukiweka kwenye kamba ya kwanza. Elodie alibonyeza muundi wake kwa kidole gumba, katikati ya vijiti. Maumivu yakampanda hadi kwenye meno.

“Ngoja, Papa,” akasema, akafungua leso na kuuonyesha mfupa. “Kuku yako njo hii. Niliikula.”

Mama Libérata alimgeukia mkwe wake. “Papa Jérémie, kuku zote za hapa, ukaona ile?”

“Zingine zilikimbia, Mama.”

Jirani mmoja alitoka nje akacheke vizuri. Papa Hakorimana hakucheka. Aliupinda ule mfupa mara mbili, akaurudisha kwenye leso.

“Huu bado,” akasema. “Na wako bado.”

Akakaza kamba upya, kisha akanyoosha mkono apewe kuku mpya amvunje.

“Hapana,” Elodie akasema. “Moja inatosha. Tutaangalia mguu yangu mwenyewe.”

Kesho yake alipiga simu Ndola na kusema ukweli. Mkuu wa shule aliuliza kama ataweza kusimama mbele ya darasa. Elodie akajibu kwamba muhula huo hataweza. Mkuu akasema atatafuta mwingine, na huyo mwingine akiwa mzuri, hataweza kumfukuza. Elodie akasema ameelewa. Mama Libérata, aliyekuwa anasikiliza, alisema afadhali angedanganya. Elodie akamuuliza kama yeye angekubali mjukuu wake afundishwe na mtu anayelala chini.

Mwezi wa nne aliweza kusimama kutwa nzima. Mguu ulikuwa mgumu kidogo asubuhi, lakini ulikuwa umenyooka. Aliandika Ndola. Wakamjibu kwamba yule mwingine anabaki, ila kama atakubali kugawana naye vipindi, aje mwezi wa tano. Haikuwa kazi aliyoahidiwa. Alikubali siku ileile.

Alipokuwa anafunga mizigo, Papa Hakorimana alikuja kuchukua kuku wake. Déo alitumwa amkamate. Ilimchukua asubuhi nzima, maana huyu alikuwa anakimbia vizuri sana.