Soksi ya Mkono wa Kushoto

Kwaru.

Nilifumbua macho gizani, nikatega sikio. Kimya. Kisha tena, kwaru, chuma kikikwaruza chuma kidogo tu, na nyuma yake pumzi ya mtu aliyechoka. Kidoti, binti yangu, alikuwa amelala na mguu wake juu ya tumbo langu kama kawaida yake. Nikadhani panya wanacheza na masufuria.

"Mama?" niliita taratibu.

Sauti ikakoma. Mama yangu akajibu kutoka sebuleni kwa ule ulimi wake mzito, akiliburuta neno moja kama gunia: "La... la."

Wapi! Niliwasha tochi ya simu nikamfuata. Tangu apate kiharusi analala sebuleni pembeni ya cherehani yake, maana hapo ni karibu na choo na karibu na mlango. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka, na mkono wake wa kushoto, ule mzima, umevaa soksi.

"Hata hakujapambazuka, Mama. Soksi ya nini saa hizi?"

Akatazama pembeni kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Ukingo wa soksi ulikuwa umelowa mate. Alikuwa ameivuta kwa meno ili aivae bila kuniamsha. Nikacheka, nikamfuta uso kwa mkono wa gauni langu, kisha kicheko kikanikauka nilipokumbuka kwamba leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Leo kaka anakuja kumchukua.

Na chanzo ni hiyo hiyo soksi.

Mama ni fundi wa nguo. Nusu ya watoto wa mtaa huu wamekwenda shule na sare zilizopita chini ya sindano yake. Siku ya kiharusi alikuwa anakata kitambaa mezani, mkasi ukamponyoka, naye akaufuata chini. Upande wote wa kulia ukazimika. Mguu ulirudi kwanza, kwa kujivuta. Mkono ukagoma. Ulining'inia tu, kama mkono wa shati lililoanikwa, na kila aliyekuja kutupa pole aliutazama huo kwanza kabla ya kumtazama mama usoni.

Kliniki tulimpata mama mmoja anayetibu viungo, sisi tunamwita Dada wa Mazoezi. Ana mikono migumu na mizaha mingi. Aliubonyeza ule mkono kidole kwa kidole, akamwambia mama, "Huyu hajafa, mama yangu. Amekuwa mvivu kwa sababu mwenzake anamfanyia kila kitu. Tumpe likizo huyo mwenzake." Akauvika mkono wa kushoto soksi nene mpaka kwenye kiwiko. "Wakati wa mazoezi huyu akae humo ndani. Ukitaka chai, wa kulia aifuate." Kisha akanigeukia mimi, na hapo hakuwa na mzaha. "Mkono usipotumiwa unajikunja. Ukishajikunja ngumi, hata kuuosha ndani ni shida. Usimhurumie kwa kumfanyia."

Basi tukaanza. Kikombe cha plastiki, maji nusu. Taulo la kukunja. Vifungo vya kopo lake la ushonaji, Kidoti anavimwaga kwenye sinia na kuamuru, "Bibi, chukua huyo mwekundu!" Bibi anamfuata huyo mwekundu kwa vidole vinavyotetemeka, kifungo kinakimbilia chini ya kitanda, naye anatukana. Ajabu ya kiharusi cha mama ni hiyo: maneno yote yanamtoka yamevunjikavunjika isipokuwa matusi. Matusi yanatoka yamenyooka, yamepigwa pasi. Kidoti anacheka mpaka analala sakafuni, na mimi ninaziba mdomo, kwa sababu jana kidole gumba hakikusogea, na leo kimesogea.

Halafu akaja shangazi.

Sisemi shangazi yangu ana roho mbaya. Afadhali angekuwa nayo, ningejua pa kupigana naye. Aliingia bila hodi akamkuta mama ameshika kikombe kwa mkono wa kulia, kinapanda kuelekea mdomoni, pole pole, kimebakiza kidogo sana. Akapiga yowe.

"Yesu na Maria! Wifi yangu amefungwa mkono!"

Alimnyang'anya kikombe. Alimvua soksi akaitupa chini kama mtu aliyeshika nyoka, akachukua kijiko, akaanza kumlisha chai. Mama wa watu wazima! Mama akafumba mdomo kwa hasira, chai ikamchuruzika kifuani.

"Unaona?" shangazi akaniambia huku machozi yakimlengalenga. "Hata kumeza hawezi, na wewe unamtesa."

"Shangazi, anaweza. Umemkatiza."

"Nyamaza. Mama yako amekubeba mgongoni, leo unamfunga kama mbuzi?"

Kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa na habari kwamba mimi namfunga mama. Waliopenda kutia chumvi walisema natumia kamba. Kaka akapiga simu, sauti yake imejaa upole ule wa mtu aliyekwisha amua. Kwake kuna msichana wa kazi. Msichana atamlisha, atamwogesha, atamvalisha, atamfungia vifungo. "Mama amefanya kazi vya kutosha, mdogo wangu. Sasa apumzike. Na ile cherehani tumpe shemeji yangu, hapo inakula vumbi tu."

Apumzike! Nilikata simu nikaenda kusimama uani. Watu wanaompenda mama yangu walikuwa wamekubaliana kumzika akiwa amekaa kitini, ameoga, ameshiba, na bakuli la uji mbele yake. Kule kwa kaka hakuna atakayempa soksi. Hakuna atakayekaa kimya akisubiri kikombe kifike. Mkono ungejikunja, na wote wangeutazama na kusema, si tulijua?

Basi Jumamosi ikapambazuka. Nilimwogesha mama kidogo, akajiogesha kilichobaki. Blauzi alijifungia mwenyewe, kasoro kifungo cha juu. Sikumwambia chochote kuhusu safari, alikuwa anajua. Shangazi alikuwa amekwisha kumwambia, kwa sauti kubwa, kama mtu anayezungumza na kiziwi.

Walifika wawili na gari la kaka. Shangazi alibaki nje akikunjua blanketi kwenye kiti cha nyuma. Kaka aliingia, akamwinamia mama, akampa shikamoo yake. Kabla mama hajaijibu, akaanza kuangaza macho chumbani.

"Nguo zake ziko wapi? Dawa? Hiki kitanda kitabaki." Akaigonga cherehani kwa kidole. "Hii tutaifuata wiki ijayo."

"Si..." mama akaanza.

"Usijichoshe, Mama. Tunajua." Akamtia mikono kwapani amnyanyue.

Mama akaung'ang'ania ukingo wa kitanda. Hapo damu ikanipanda hadi utosini.

"Kaka, mwachie. Njoo nje tuzungumze."

"Tuzungumze hapa hapa."

"Hapa hapana. Usimjadili mama mbele yake kama kabati la kuhamishwa!"

Nilimshika shati, kweli nilimshika shati, mimi niliyekuwa nikimwamkia kaka yangu huku macho yako chini. Nikamburuta hadi uani. Mlango ulibaki wazi nyuma yetu, na mama ndani na Kidoti.

"Umepata kiburi," kaka akasema akijipangusa kola. "Hiyo shule ya jioni unayokwenda imekufanya daktari?"

"Imenifundisha kuuliza. Wewe umeuliza lini? Umekanyaga kliniki siku gani?"

"Mimi nina kazi!"

"Mama naye anayo. Kazi yake ni ule mkono. Tangu alfajiri yuko kazini, wewe unakuja kumwachisha."

Shangazi akaja na blanketi begani. "Wanangu, jamani, majirani wanasikia."

"Wasikie! Shangazi, nakuheshimu, lakini siku ile kikombe kilikuwa kinafika. Kilikuwa kinafika, ukampokonya! Ungemwacha kidogo tu ungekiona kikifika."

"Mimi nilimwonea huruma."

"Huruma yako inamkata mkono!"

Shangazi akalishusha blanketi begani, akalikumbatia kifuani. Nikaona nimemuumiza, na sikuweza kujizuia, nilikuwa na mengine mengi yamejipanga kooni. Kaka akanyoosha kidole usoni pangu.

"Sikiliza. Mama anaondoka leo. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kumfuata, mfuate. Lakini simwachi hapa afungwefungwe na mtoto niliyemfundisha kuvaa viatu."

Akageuka kuelekea ndani. Alikuwa hajafika kizingitini mlango ulipojifunga mbele ya pua yake.

Kwaru.

Tulisimama sote. Kwaru, tena, na kimya, na pumzi nzito nyuma ya mbao. Niliijua ile sauti. Ndiyo iliyoniamsha kabla ya mapambazuko. Kwaru, kwaru, halafu ta! Chuma kikafika mwisho wake.

Kaka alisukuma mlango. Haukutikisika.

"Nani amefunga komeo?" Akanigeukia macho yamemtoka. "Umemfundisha mtoto, sivyo? Mlikuwa mmepanga!"

Nilitikisa kichwa. Lile komeo liko juu, usawa wa bega langu. Lina kutu, gumu kama nini. Mimi mwenyewe hulipiga kwa kiganja. Kidoti hata akipanda kiti hawezi kulisogeza.

"Wifi!" shangazi alilia akigonga mlango kwa ngumi. "Usisimame peke yako, utaanguka! Kaa chini tuje tukushike!"

"Mama, fungua," kaka akasema. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ya mtoto mbele ya mama yake. "Mama, ni mimi."

Kutoka ndani likaja neno moja, zima, lililonyooka, limepigwa pasi:

"Mpuuzi!"

Kaka akarudi nyuma hatua kama aliyepigwa kofi. Mimi nikakimbilia dirishani. Kidoti alikuwa amepanda kwenye kiti cha cherehani, amebana uso katikati ya nondo, mashavu yamejaa kama ya mtu aliyebeba siri kubwa kuliko mdomo wake. Nyuma yake nilimwona mama. Alikuwa ameegemea mlango kwa bega, miguu imetanuliwa, kifua kinapanda na kushuka, uso umemkunjamana kwa hasira ambayo sijawahi kuiona tangu augue. Mkono wa kulia ulikuwa bado juu, vidole vimeng'ang'ania kichwa cha komeo. Wa kushoto aliuinua ili tuuone sote. Ulikuwa umevaa soksi.

Kaka alikuja akasimama nyuma yangu. Shangazi naye akaja, blanketi linaburuzika mavumbini. Kidoti alitutazama mmoja mmoja, kisha akamchagua mjomba wake.

"Bibi amefunga mwenyewe."