Vikofia vya Mwalimu Kidole

Mdogo wangu alikufa kwa kidole. Watu wakiniuliza huwa nasema aliugua tu, kwa sababu ukitaja kidole wanakutazama kama unafanya mzaha. Lakini ni kidole kweli, cha kati, mkono wa kulia, kile kinachobeba mzigo mkubwa upinde unapovutwa.

Mimi ni fundi wa ngozi. Nashona mikanda, nabadilisha soli, narudishia mikoba vishikio vyake. Chumba chetu cha kazi kiko nyuma ya duka la rangi na misumari, nami nakaa humo na fundi mwenzangu ambaye kila mtu anamwita Gundi, kwa sababu ya vidole vyake na kwa sababu akianza kuzungumza nawe huchomoki.

Mdogo wangu alipojiunga na klabu ya upinde, ule wa kizamani, wa mti mtupu usio na magurudumu wala darubini, nilimkatia kipande cha kukinga vidole. Uzi wa upinde hukimbia juu ya ncha za vidole vitatu kila mshale unapoachiwa. Ukipiga michache hakuna neno. Ukishinda kutwa unapiga, ngozi inachubuka, inatoka malengelenge, na mwisho kidole kinakufa ganzi. Kwa hiyo wapiga upinde huvaa kitu. Wapo wanaovaa glavu ya vidole vitatu. Wapo wanaovaa kipande bapa kinacholala mbele ya vidole, na wachache huvaa vikofia, kila kidole na chake. Mdogo wangu alichagua kipande. Nilitumia ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa vizuri, nikaipasua katikati ili mshale upate pa kukaa. Alikivaa mezani wakati wa kula, mpaka mama akamwambia akivue, chakula hakiliwi kwa kiatu.

Kesho yake alikirudisha kikiwa mfukoni. Mwalimu wao alikuwa amemcheka. Huyo mwalimu ndiye bingwa wa mji wetu, na wamempa jina la Mwalimu Kidole kwa kuwa hupiga upinde mikono mitupu miaka yote na hajawahi kuonekana na ngozi mkononi. Alikiinua kipande changu mbele ya wanafunzi wote, amekishika kwa ncha mbili kama mtu aliyeokota panya kwa mkia, akauliza kama dada mtu alibakiza kitambaa cha kumfuta makamasi pia. Mdogo wangu alinisimulia huku anacheka. Kisha akakitia kipande kwenye droo ya kabati, na hakukitoa tena.

Alipiga upinde msimu mzima kwa vidole vitupu. Malengelenge yalipasuka, akayafunga plasta. Yakapasuka tena juu ya yale ya kwanza. Siku moja alikuja kazini kwetu amefurahi, akanyoosha kile kidole cha kati akakigonga kwenye ukingo wa meza.

"Dada, hakiumi tena," akasema.

Alidhani kimekomaa. Kilikuwa kimekufa ganzi, na chini ya ganzi kulikuwa na usaha ambao hakuusikia. Homa ilipompanda, sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Hospitali walifanya walichoweza.

Mwalimu Kidole alikuja msibani na klabu nzima. Mimi nilikuwa jikoni naosha glasi, mlango uko wazi kidogo, kwa hiyo sikumwona uso, nilimsikia tu. Sauti yake nzito ilikuwa na tabia ya kushuka mwisho wa kila sentensi, kama mtu anayekalia kiti.

"Mama, kijana alikuwa na moyo," alisema. "Ila vidole vyake vilikuwa laini. Si kila kidole kimeumbiwa upinde."

Mama akashukuru. Na tangu hapo, kila mgeni aliyeuliza ilikuwaje, mama alijibu kwamba mwanawe alikuwa na vidole laini. Alisema hivyo kwa sauti ya kuomba radhi, kama vile yeye ndiye aliyekosea kumuumba. Kufa nilikuwa najilazimisha kukubali. Lile neno sikuweza.

Ukapita muda. Asubuhi moja mwanamume mrefu mwenye shati lililopigwa pasi aliingia kwenye chumba chetu, akamuuliza Gundi ni nani anayeshona vitu vidogo. Gundi akanionyesha kwa kidevu. Yule bwana alipofungua mdomo kunisalimu, niliijua ile sauti. Yeye hakunijua. Kwake nilikuwa fundi wa upande wa pili wa mji, mahali ambapo hakuna anayepiga upinde, na ndiyo maana alikuja.

Alitoa mfukoni kikopo cha dawa ya viatu, akakifungua. Ndani mlikuwa na vikofia vitatu vya ngozi nyembamba, rangi ya mkono wa mtu, vimetoboka. Kwenye kila kimoja palikuwa na mfereji ulioachwa na uzi, umeingia sana, wa miaka mingi. Alisema aliyekuwa akimshonea amehama. Kisha akakumbuka, akasema si vyake, ni vya ndugu yake, ila vidole vyao vinalingana.

Nilijifanya natafuta futi ya kupimia. Kisha nikamwekea mezani glavu, nikamwambia hii inadumu zaidi.

"Itaonekana," akasema.

Nikamwekea kipande. Akasema hicho kinaning'inia, mtu aliye mbali atakiona. Nikamuuliza huyo ndugu anamficha nani. Akacheka, akasema ana aibu, ni maumbile yake.

Basi nikachagua ngozi ya mbuzi, iliyo nyembamba lakini imara, nikamshika mkono kumpima. Nilibonyeza ncha ya kidole cha kati, polepole, kama fundi anayetafuta kipimo. Haikuwa na sugu. Haikuwa na kovu. Ilikuwa laini kama ya mtoto anayenyonya.

Alipoondoka Gundi aliniuliza mbona nimepauka. Nilimwambia. Aliacha nyundo yake kando.

Wazo la kwanza lilikuwa kumwachia mshono ndani, pale uzi unapokandamiza, umle taratibu. Ningeweza, na asingejua mpaka amechelewa. Lakini lengelenge ni la mtu peke yake. Angelificha kama alivyoficha mengine, angepumzika wiki mbili akisema ana mafua. Mimi sikutaka aumie mafichoni. Nilitaka aonekane.

Nikashona vizuri kuliko nilivyowahi kushona. Nje nikapaka rangi ya mkono wake hasa, nikaifunga isitoke hata kwa mvua. Ndani nikapaka nyeusi, ile kali tunayotumia kwa kisigino, nikaiacha bila kuifunga. Juu yake nikapitisha nta nyembamba. Nta huvumilia mishale michache ya majaribio kwenye kivuli. Jua likiwaka na jasho likija, inaachia.

Gundi alichungulia begani kwangu. "Hiyo ya ndani hujaifunga."

"Najua."

Akarudi kwenye soli yake. Baadaye kidogo akasema, kama anaiambia soli, kwamba rangi ile isipotolewa kwa spiriti hukaa kwenye kucha hadi kucha ikue. Nikamwambia hilo nalo najua.

Yule bwana alikuja kuvichukua jioni ya kuamkia mashindano ya klabu yao. Alivivaa, akakunja na kukunjua, akavuta uzi wa hewani. Aliuliza mbona ndani peusi. Nikamjibu kwamba pa ndani hapaonekani. Jibu likampendeza sana. Aliniambia nina mkono mzuri.

Siku ya mashindano nilimwambia mama twende kupunga upepo. Hakutaka. Nilimwambia ataiona ile klabu aliyoipenda mtoto, na hapo akavaa viatu. Kiwanja kilikuwa na majani yaliyokauka na jua la kuchoma utosi. Tulikaa na watazamaji wengine upande wa kushoto, kwa sababu Mwalimu Kidole hakuruhusu mtu yeyote kusimama kuliani kwake anapovuta. Wanafunzi waliamini inamvuruga. Niliwatazama mikono yao. Karibu wote walikuwa na plasta.

Alipiga vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kila mshale ulipoachiwa nilijua ninachokisikia, ngozi ya mbuzi ikitoa sauti yake ndogo, wao wakidhani ni kidole. Jasho lilimtoka shingoni. Akashinda.

Kisha likafika lile ambalo mdogo wangu alikuwa akitusimulia kila mara. Mwalimu alitia mkono wa kulia mfukoni, akautuliza humo kidogo huku anatabasamu kwa watu, akautoa, akainua vidole vitatu juu bila kuvitazama.

"Mikono mitupu," akasema.

Wanafunzi wakainua vyao, wakaanza kuitikia, na sauti zao zikafifia moja baada ya nyingine. Vidole vitatu vya Mwalimu vilikuwa vyeusi tii kuanzia ncha hadi kiungo cha kwanza, na weusi ule ulikomea kwenye mstari ulionyooka, kama umekatwa kwa wembe. Ni mstari wangu. Suruali yake nyeupe nayo ilikuwa imeingia doa pembeni ya mfuko, na doa lilikuwa linakua.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, ambaye vidole vyake vyote vilikuwa vimefungwa plasta, alimsogelea akauliza amevaa nini. Mwalimu alitazama mkono wake. Alisema ni rangi ya upinde, umepakwa juzi. Msichana alikuwa ameshalitazama lile doa.

"Basi toa kilichomo mfukoni, Mwalimu."

Hakutoa. Alirudi nyuma hatua moja akauziba mfuko kwa kiganja, na hilo likawatosha wote.

Wakati huo sikuwa namtazama yeye. Mama alikuwa ameinuka. Alivuka kamba ya kiwanja na mkoba wake kwapani, akaenda hadi alipo, akamshika mkono mweusi kama unavyoshika mkono wa mtoto uliyemtilia shaka. Akaibonyeza ncha ya kidole cha kati kwa dole gumba lake. Akabonyeza tena.

"Laini," mama akasema.

Hakupaza sauti, lakini kiwanja kilikuwa kimya. Kisha akajifuta weusi kwenye kifua cha shati la Mwalimu, taratibu, dole gumba kwanza na vingine baadaye, akarudi kukaa karibu nami. Tulipofika nyumbani alikwenda kwenye kabati, akakitoa kile kipande kwenye droo, akakipitisha kidole juu yake. Ni kizima. Uzi haujakiachia hata alama.

Wanafunzi wa klabu ile wamekuwa wakija kwetu tangu hapo. Wengi wanachagua glavu. Yule msichana alichagua kipande, nami nilimkatia kwa mfano wa kile cha droo.

Mwalimu naye alikuja. Alisubiri hadi wateja wametoka, mkono wa kulia mfukoni. Nilidhani atafoka. Alisema hakujua mimi ni dada wa yule kijana, na kwamba alimpenda kama mwanawe.

"Mwanao ungempa ngozi," nikamwambia.

Akatoa mkono, akauweka mezani nilipompimia. Alikuwa ameusugua hadi ngozi imechubuka, na weusi bado upo, hasa kwenye kucha. Aliuliza kwa sauti ya chini, ile isiyokalia kiti tena, kama kuna kitu chochote kinachoitoa rangi hii.

Chupa ya spiriti ilikuwa kwenye rafu nyuma ya bega langu, imejaa hadi shingoni. Nilimwambia hakuna. Avumilie tu, kucha zitakua.

Alipotoka, Gundi aliinuka, akaigeuza ile chupa ili maandishi yake yatazame ukutani, akarudi kwenye soli yake.