Dume la Zizi Hilohilo

Dorice alifika kwa mkwe wake Masele, kule Kabungu, mgongo ukimuuma kama uliopigwa nyundo. Tangu alfajiri alikuwa Mwamkulu anachanja ndama, na ndama wa Mwamkulu wana mateke. Alisimamisha pikipiki kando ya zizi, akafungua sanduku la nyuma na kutoa koleo la kuhasi.

"Mwadila, mkwe," Masele alimsalimu kwa Kisukuma. "Karibu. Madume yapo, yanakungoja."

"Hata maji ya kunywa hujanipa, mzee, unanionyesha madume."

"Maji yanakuja. Kazi kwanza."

Dorice ndiye aliyekuwa afisa mifugo wa eneo lile, kwa hiyo kuitwa kuhasi halikuwa jambo geni. Ila hakuwa mjinga. Jana yake binti yake Lucia, mke wa Malale, mtoto wa huyu Masele, alikuwa amempigia simu analia. Wakwe zake walikuwa wameamua kwamba mpunga ukishavunwa anarudishwa kwao, kwa sababu hazai. Dorice alimwambia aache kulia, kisha akakata simu na kukaa jikoni muda mrefu, ugali ukipoa.

Malale mwenyewe alitoka zizini mara tu aliposikia mlio wa pikipiki. Alikwenda kusimama nyuma ya uzio wa miti, ikabaki kuonekana kofia yake tu. Ndivyo ilivyo kwa Wasukuma, na kwa Dorice, Mfipa, haikuwa tofauti sana: mkwe wa kiume hatazamani usoni na mama wa mke wake, sembuse kuzungumza naye mambo ya mwili. Mdogo wake Malale, Luhende, ndiye aliyeshika kamba ya dume la kwanza.

"Mkwe," Masele alianza, koleo likiwa bado halijabana. "Wewe ni mtu wa chuo. Sisi tumevumilia. Tumempeleka mwali kwa mganga, kanywa mizizi, kaoga magome. Wapi! Tumbo limefungwa."

"Nani kalifunga?"

"Si ndiyo tunakuuliza wewe uliyemzaa."

Maneno yalimjaa Dorice mdomoni. Alitaka kusema, mpimeni na mwanenu. Lakini ile kofia ilikuwa pale pale. Akimtaja mkwewe kwa viungo vyake, itakuwa ameivunja heshima ya mji mzima, na Lucia ataondoka siku hiyo hiyo bila kungoja mpunga. Basi akaushika mfuko wa korodani za lile dume.

"Njoo hapa, mkwe. Weka mkono. Unasikia kitu kama kamba?"

"Nasikia."

"Humo ndani umo mrija unaopitisha mbegu. Korodani ndizo zinazotengeneza mbegu. Mungu kazitundika nje kwa sababu zinataka ubaridi, zikipata joto sana kazi inaharibika. Mbegu zinapanda kwa mrija huu, zinaingia tumboni, huko zinakutana na majimaji ya tezi, halafu ndiyo zinatoka nje kwa uume. Sasa tazama." Akabana koleo. Dume likanguruma, Luhende akayumba na kamba. "Nimeuponda mrija. Wiki ijayo huyu ataona jike, atapanda?"

Masele akacheka. "Atapanda! Maksai wapya nawajua, wana fujo kuliko wazima."

"Na majimaji?"

"Yatatoka."

"Na ndama?"

Masele akaacha kucheka, akalitazama dume.

"Yale majimaji si mbegu, mzee. Mbegu ni ndogo sana ndani yake, macho hayazioni. Dume linaweza kuwa na nguvu zote na ndani hamna kitu. Wala si koleo tu linaloharibu. Hata ugonjwa unaharibu. Una kumbukumbu ya lile dume lako jekundu, majike yalikuwa yanarudi kwenye joto, yanataka dume tena, kila mara?"

"Nalikumbuka, shenzi lile."

"Uliuza majike au uliuza dume?"

Kofia nyuma ya uzio ilitikisika. Luhende alitazama juu kama mtu anayetafuta mawingu.

"Kuhusu mwanangu nasema wazi, maana ni wangu," Dorice aliendelea, akisogea kwa dume la pili. Hakuwa na nguvu ya kupamba maneno. "Nilimpeleka hospitali Mpanda, akapimwa. Mwanamke ana vifuko viwili vya mayai, kimoja huku, kimoja huku. Kila mwezi yai moja linakomaa, linapita kwenye mrija kwenda kwenye mji wa mimba. Huko ukuta umeshajiandaa kama kitanda. Mbegu isipokuja, kitanda kinatanduliwa, ndiyo hedhi. Mayai ya Lucia yanakomaa. Mirija yake iko wazi. Kitanda anatandika kila mwezi, mzee. Mgeni ndiye haji."

Masele alitema mate pembeni. Walimaliza madume yote, na Dorice akanywa maji yake akiwa amesimama.

Haukupita muda mrefu Lucia akapiga simu. Malale alikuwa amekwenda Mpanda mwenyewe, bila kumwambia mtu, akapimwa. Hakukuwa na mbegu hata moja. Daktari alimwuliza magonjwa ya zamani, akakumbuka matubwitubwi aliyougua akiwa kijana mkubwa, yalishuka hadi kwenye korodani, zikavimba akashindwa kutembea. Daktari alisema huenda ni hayo. Malale alimweleza baba yake kila kitu.

"Basi hawakurudishi," Dorice alisema.

"Hawanirudishi, mama." Lucia alinong'ona. "Njoo tu. Njoo leo."

Dorice alikwenda. Alimkuta Masele amekaa kwenye kigoda, uso unang'aa, na kuku ameshachinjwa. Luhende alikuwa kaoga, kavaa shati jeupe, kainamisha kichwa. Lucia alikuwa mlangoni pa jiko, hakutoka kumpokea.

"Mkwe, wewe ni mwalimu!" Masele alisema. "Nilikuwa nataka kuuza jike wakati ubovu uko kwa dume. Nimeelewa. Sasa mambo tumeyapanga kimya kimya. Dume likishindwa unaingiza lingine, na afadhali la zizi hilohilo, damu isipotee. Luhende atamsaidia kaka yake. Mtoto ataitwa wa Malale. Nani atajua?"

Dorice alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Yeye ndiye aliyemletea mzee huyu habari za dume na jike. Alizunguka na ng'ombe kwa ajili ya heshima, na mzee naye kamfuata ng'ombe huyo huyo mpaka nyumbani kwa Lucia.

"Lucia kasema nini?"

"Lucia atasema nini? Si anataka mtoto?"

"Hamkumuuliza."

"Jike huulizwa, mkwe? Wewe mwenyewe umetufundisha..."

"Sikufundisha hivyo!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Nilikuonyesha mirija. Mirija inafanana. Ng'ombe akiingia kwenye joto anasimama, anapandwa, kesho kasahau. Huyu ana kauli yake, ana aibu yake, ana mume anayempenda. Hivyo havimo kwenye koleo langu."

"Basi mtoto atoke wapi?"

Dorice aligeuka kwenye uzio. Kofia ilikuwepo, kama siku ile. Alijua anachotaka kufanya hakifanywi, na alikuwa amechoka mno kutafuta njia nyingine.

"Malale!"

Kofia haikusogea.

"Malale, baba, njoo hapa mbele yangu."

"Mkwe, unavunja mwiko," Masele alisema kwa sauti ya chini.

"Nimeshauvunja. Njoo, mwanangu."

Malale alikuja, macho chini, akasimama mbali. Dorice alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi. Alikuwa amekonda.

"Kuugua si kosa lako. Uanaume wako haujapungua kitu. Nakuuliza wewe, si baba yako: hili walilopanga unalitaka?"

Luhende ndiye aliyewahi kujibu. "Mimi silitaki, mama. Shati nimevalishwa tu."

"Hujaulizwa wewe!" Masele alifoka.

"Silitaki," Malale alisema. Halafu akainua macho, akamtazama mama mkwe wake. "Sijui mtoto tutampata wapi, mama. Labda tutalea wa watu. Labda tutakosa. Ila hili silitaki."

Ndipo Lucia akatoka jikoni, kanga mbili zimefungwa furushi mkononi. Inaelekea zilikuwa zimefungwa tangu asubuhi.

"Na mimi nimechoka," alisema. "Mizizi nimekunywa, magome nimeoga, nimeitwa tumbo bovu mpaka kisimani. Leo mnaniletea shemeji. Naenda kwa mama nikalale."

"Unaona!" Masele aliruka. "Anarudi kwao mwenyewe. Atakwenda kusema tumemfukuza."

"Harudi, anakwenda kupumzika," Dorice alisema akiinuka, mkono kiunoni. "Malale ndiye mume, atasema kama anamrudisha."

Malale alichukua furushi mkononi mwa mkewe, akalifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, akakaza mara mbili. Kisha akaenda kuchukua baiskeli yake ukutani. Baba yake alimwita kwa jina, akamwita tena. Malale alijibu kwa adabu, "Naam, baba," lakini hakuiacha baiskeli.

Dorice alipiga teke pikipiki, ikagoma, akapiga tena, ikawaka. Lucia alipanda nyuma yake, akaegemeza paji la uso kwenye ule mgongo unaouma. Dorice alimwacha.

"Malale," alisema bila kugeuka, "beba na godoro. Kwangu kuna kitanda kimoja tu, na hicho nalala mimi."