Sisimizi Hawanywi Mafuta ya Gari

Kitu cha kwanza kilichomwangukia Rachida usoni alipoingia chini ya pikap kilikuwa donge la tope lililochanganyika na manyoya ya kuku, na ndani yake mguu wa chura aliyekauka zamani. Alitema mate pembeni, akajifuta kwa kiwiko, akaendelea. Gari hilo lilikuwa limekusanya uchafu wote wa barabara za Kisangani, na leo lilikuwa linamrudishia yeye, kidogo kidogo, mdomoni na machoni.

"Unakula nini huko chini?" aliuliza Benie, jirani yake, aliyekuwa amechuchumaa kando ya gurudumu na spana mkononi. "Ngoja basi nikuletee pilipili."

"Leta mdomo yako, nitaijaza."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Kesho yake Mama Binti, mama wa Rachida, angetoka hospitali baada ya wiki tatu za kulala chali. Alikuwa ameanguka, akapasuliwa mgongo. Daktari aliwaita kando Rachida na mjomba wake, Tonton Mahmoudi, akawaambia bila kuzunguka: mgongo umeshonwa, haujapona. Shimo moja tu la barabara likimrusha vibaya, huenda asitembee tena. Na angepaswa kurudi hospitali kila wiki kwa miezi mitatu, kutoka nyumbani Kabondo mpaka mjini, kwenye mashimo yaleyale.

Pikap ilikuwa ya marehemu baba, gari la kubebea magunia na mbao, gumu kama nyundo. Amortisa zake, yale mabomba manne yanayolituliza gari lisirukeruke, zilikuwa zimevuja mpaka zikakauka. Ukiingia shimoni, lilidunda mara sita kabla ya kutulia.

Tonton Mahmoudi, mdogo wa Mama Binti, aliuza vyuma vya magari sokoni. Ndiye aliyeleta amortisa nne mpya, nyeusi, zinang'aa ndani ya plastiki. Alizileta mwenyewe, akaketi kwenye kiti kando ya mlango, kanzu nyeupe ya Ijumaa, kikombe cha chai mkononi, aone kazi inavyokwenda. Pikap yake aliiegesha langoni. Ilikuwa ya aina ileile, kama pacha. Siku mama alipoanguka walimwomba gari hilo, akasema embrayage, yaani klachi, imeungua. Mama alipelekwa hospitali kwa pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili, analia kila walipopita jiwe. Jioni hiyohiyo Benie aliliona gari la Tonton likirudi kutoka uwanja wa ndege wa Bangboka na mizigo hadi juu.

Rachida alikuwa ameamua kusahau. Amortisa hizi, alijiambia, ndiyo toba ya Tonton.

Baba alikuwa amemfundisha: amortisa haifungwi kabla ya kupimwa. Uisimamishe, uisukume chini na kuivuta juu kwa mikono mara tano. Iliyo hai inabisha ikienda na ikirudi. Rachida alichukua ya kwanza, akaisimamisha.

"Eh! Rachida!" Kikombe cha Tonton kiligonga kisahani. "Unapima kitu ya tonton yako, na mimi niko hapa naangalia? Mimi niko mwizi ya soko? Ata mama yako hawezi kunifanya vile."

Mkono wa Rachida ukasimama hewani. Kwao, kitu alicholeta mjomba hakikaguliwi mbele ya macho yake. Ukikikagua umemtukana, na ukimtukana yeye umemtukana mama. "Mjomba ni mama aliyeota ndevu," Mama Binti alipenda kusema.

"Pardon, tonton," Rachida alisema, akaifunga bila kuipima.

Kazi ilikuwa chafu na ngumu. Nati za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, ikabidi wazimwagie mazutu, yaani dizeli, na kungoja, kisha Benie aningʼinie na mwili wake wote kwenye bomba walilolichomeka mwisho wa spana. Tonton alikunywa chai, akafyonza meno, akasimulia jinsi anavyompenda dada yake. Saa tano hivi, mbili za nyuma zilikuwa zimeshafungwa.

Rachida alitoka chini ya gari kuchukua ya tatu. Ilikuwa imelazwa kwenye kipande cha bati, juani. Akasimama. Kutoka chini ya ukuta, wakivuka uwanja mzima kwa mstari mwembamba kama uzi, sisimizi walikuwa wanaiendea amortisa. Walipanda juu yake na kusongamana mahali pamoja, wakipigana vikumbo.

"Benie. Sisimizi wanatafuta nini kwa amortisa?"

"Labda nao wako na gari."

Rachida aliwapangusa, akaona tone. Lilikuwa jekundu, lenye umanjano pembeni. Akaligusa, akanusa kidole.

Mawese. Mawese yaliyochacha, yenye ile harufu ya sufuria iliyosahauliwa wiki nzima na kifuniko juu. Alikwangua rangi kwa ukucha na chini yake akakuta kutu, na kwenye kutu kovu la kuchomelewa. Akaisimamisha amortisa na kuisukuma. Ilishuka bila kubisha hata kidogo, ikatoa mlio wa kucheua, na kumtapikia donge vuguvugu juu ya mkono. Ndani ya donge mlikuwa na ganda la kitunguu.

Bomba bovu, limepasuliwa, limejazwa mafuta ya jikoni ambayo mtu alishayakaangia, limezibwa, limepakwa rangi.

"Tonton. Hii ni nini?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Bon, mafuta ni mafuta, mutoto yangu. Mawese iko nzito, inatuliza muzuri. Kila mutu pale soko anafanya vile. Ingefika ata mwezi moja."

"Mama iko na miezi tatu ya kwenda hospitali."

"Sikujua mambo ya mugongo iko ya nguvu vile."

"Ulikuwa pale. Daktari alisema mbele yetu wawili."

Tonton Mahmoudi alitazama ndani ya kikombe. Rachida alimtazama yeye, kanzu safi, ndevu zilizochanwa, midomo inayong'aa kwa maandazi, akahisi kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani na hataki kuangalia ni nini.

"Lete funguo ya gari yako," alisema.

"Ya nini?"

"Amortisa zako ziko nzima. Nne kwa nne."

"Alors, beba tu gari yote! Umuchukue mama kesho, kisha unirudishie."

"Sawa vile ulitupatia siku alianguka? Funguo."

"Na nikikataa?"

Rachida aliinua lile bomba na sisimizi wake. "Nabeba hii hospitali, naweka kwa kitanda ya dada yako. Sitasema neno. Harufu itasema."

Tonton alizivuta funguo mfukoni polepole, akamnyooshea. "Lakini hautamwambia?"

"Sitamwambia."

Tonton alikwenda msikitini kwa miguu. Aliporudi, kazi ilikuwa karibu kwisha. Safari hii Rachida alipima kila amortisa iliyotoka kwenye gari la Tonton mara tano, na kila moja ilimbishia mikononi. Zile za mawese zikaingia kwenye gari la mwenyewe, na Benie alizikaza kwa raha zote. "Nimekaza muzuri, tonton! Ukisikia njaa njiani, unajua pa kuchota."

Tonton aliwasha gari. Liliondoka likiitikia kila shimo kwa kichwa, dunda, dunda, mpaka kona.

Jumamosi saa nne Mama Binti alilazwa kwenye kiti cha nyuma, mito huku na huku. Rachida aliendesha polepole. Shimo la kwanza, gari lilizama na kupanda, likatulia palepale. Mama aliyekuwa ameuma kanga aliiachia.

"Ni Mahmoudi?"

"Ndiyo, mama. Zimetoka kwake."

"Unaona sasa? Mama aliyeota ndevu." Akaanza kumwombea mdogo wake dua, kwa jina, afya yake, watoto wake, mikono yake isiyo na choyo.

Rachida alikaza usukani. Alikuwa amenawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, na bado harufu ilikuwa chini ya kucha.

"Jioni umwite aje kula," mama aliendelea. "Umupikie pondu, ile majani ya muhogo. Uweke mawese mingi, anapenda sana."

Rachida alisimamisha gari taratibu, taratibu mno, mama asisikie hata mtikisiko. Akafungua mlango, akainama nje, akatema mate mara moja, mara mbili.

"Iko nini, mutoto yangu?"

"Vumbi, mama."

Akafunga mlango, akatafuta upande wa barabara wenye mashimo machache, akaendelea.