Mwerezi Nyumbani mwa Vioo

Mwerezi ule ulikuwa na nyumba yake ya vioo, kufuli lake na mlinzi wake. Mlinzi ndiye Kimya, binti ambaye salamu tu humtoa jasho. Huko milimani ndugu za mwerezi walikuwa wakiteketea kwa ugonjwa unaosafiri na udongo wa viatu, ndiyo maana bustani ilikuwa na sheria moja: anayeuhudumia hatoki. Akigusa udongo wa nje, harudi ndani. Nafasi yake anapewa mwingine. Kimya alilala chumba cha nyuma, chakula akipitishiwa dirishani.

Aliyemtafutia kazi ni mama yake mkubwa, msimamizi wa bustani. "Mti huu ukinyauka, mwanangu, mimi na wewe tumekwisha."

Asubuhi hiyo alimpitishia ndoo ya saruji. Chini ya mlango palikuwa na mwanya, na ukoga ulikuwa umeingilia hapo, yale manyoya laini ya kijani yanayoota popote penye unyevu.

"Kwangua, kisha ziba. Leo hii."

Kimya akapiga magoti na mwiko. Ukoga haukuwa na mlinzi. Ulikanyagwa, ukakwanguliwa, ukarudi. Mwerezi ulitunzwa kama mboni ya jicho, na bado uliangusha vijitawi.

Kioo kikagongwa. Dada yake huyo, mwanawe mchanga mgongoni, begi miguuni.

"Shemeji yako kapata kazi mbali. Basi linaondoka mchana. Twende, chumba kipo."

"Na mti?"

"Mti una dunia nzima ya kuulilia. Wewe una mimi tu, na huyu mwanao hujambeba hata mara moja."

"Mama mkubwa atasemaje?"

"Atasema sana. Lini alinyamaza?"

Kimya akacheka, mkono mdomoni. Ufunguo ulining'inia msumarini, karibu kabisa. Hakuna aliyemfungia. Akainua mkono, ukaishia hewani.

"Mshushe hapo chini, nimuage," akasema.

Akalala kifudifudi, akapitisha vidole mwanyani, juu ya ukoga. Mtoto akavidaka, akang'ang'ania.

"Ana nguvu huyu!"

"Hajakurithi wewe," dada akajibu, sauti ikimkatika.

Kimya alipotaka kurudisha mkono, akaona vidole vimejaa udongo wa nje. Akabaki hapo sakafuni, mwili ndani, mkono nje. Nyuma yake kijitawi kikadondoka. Hakugeuka.

Kwa mkono wa pili, ule msafi, akashika kitasa, akajiinua, akatungua ufunguo.

Alipofunga mlango kwa nje, alipita ofisini, akauweka ufunguo mezani.

"Mama mkubwa, tafuta mwingine. Mwanya sijauziba."

"Utajuta, wewe!"

"Huenda," akasema Kimya, akampokea dada yake mtoto.

Kule ndani, saruji ilianza kugandia mwiko ndooni.